Radoni Lamu na Malindi: Kupima, Kupitisha Hewa au Kuvuta Gesi kwa Feni?

Mpango wa kaunti wa kuzuia saratani unapofika kwenye ukurasa wa mapafu, sigara hutangulia, na ndivyo inavyostahili. Radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini, ikitajwa, mkutano hugawanyika. Wapo wanaosema pwani ni mchanga, matumbawe na upepo, kwa hiyo hakuna la kufanya. Wapo wanaotaka kuagiza mitambo ile ile inayofungwa kwenye nyumba za Marekani zenye vyumba vya chini ya ardhi. Pande zote mbili zinaliacha swali la maana kuliko yote: chumba hiki kinapitisha hewa kiasi gani, na sakafu yake imegusa ardhi vipi?

Ulinganisho huu umeandikwa kwa maafisa wa afya ya umma, wenye nyumba na mafundi wa Lamu na Malindi. Msimamo wetu ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye vyumba vya chini vilivyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na ya pili kwenye nyumba ambazo bado hazijajengwa. Nyumba inayopitisha hewa usiku na mchana haihitaji feni ya radoni.

Gesi yenyewe, kwa kifupi

Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Hutokana na radiamu, nayo radiamu hutokana na urani iliyomo kwenye udongo na mawe ya kila mahali, pengine kidogo, pengine nyingi. Nusu ya gesi hiyo huisha kwa siku 3.8, muda unaoitosha kupanda hadi chini ya sakafu na kupenya kwenye nyufa, kwenye ukingo ambapo slebu, yaani sakafu ya zege, inakutana na ukuta, na kandokando ya mabomba ya maji taka. Gesi tunayoivuta kwa kiasi kikubwa hutoka tena na pumzi. Madhara huletwa na watoto wake, yaani vitu vinavyozaliwa radoni inapovunjika, poloni-218 na poloni-214: hivi ni vitu vigumu, hunata kwenye vumbi na moshi, hutua kwenye njia za hewa na kutoa miale ya alfa pale pale.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka radoni katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza nchi zichukue bekereli 100 kwa mita ya ujazo (Bq/m³) kama kiwango cha rejea cha nyumbani, na pale hali isiporuhusu, kisizidi 300. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Nje, hewa ya kawaida huwa na 5 hadi 15.

Takwimu ambayo kila mpangaji anapaswa kuwa nayo mezani inatoka kwenye uchambuzi wa tafiti 13 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2005. Kila ongezeko la 100 Bq/m³ katika wastani wa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16. Kwa watu 1,000 wasiowahi kuvuta sigara, wanaopata saratani ya mapafu kufikia umri wa miaka 75 ni kama 4 pasipo radoni, 5 kwenye 100 Bq/m³, na 7 kwenye 400. Kwa wavutaji 1,000, idadi hizo ni kama 100, 120 na 160. Zitazame sana. Radoni ile ile, katika chumba kile kile, inamwongezea asiyevuta madhara madogo na mvutaji madhara makubwa. Kwa sababu hiyo mradi wa radoni usiofungamanishwa na huduma ya kuwasaidia watu kuacha sigara utakuwa umeacha sehemu kubwa ya faida yake barabarani.

Kwanza kipimo: kipi kinafaa hewa ya chumvi?

Ramani ya mawe haiwezi kukuambia nyumba yako ikoje. Kilima cha Mrima kule Kwale kinajulikana kwa thoriamu na mionzi ya asili iliyo juu, lakini hilo halisemi lolote kuhusu Shela ya Lamu au Casuarina ya Malindi. Hata nyumba mbili za mtaa mmoja hutofautiana mara kadhaa kwa sababu ya ufa tu, au dirisha. Ni lazima kupima. Vifaa ni vya aina tatu.

| | Kopo la mkaa | Kipande cha plastiki cha alfa | Kifaa cha umeme |
|---|---|---|---|
| Muda wa kukaa chumbani | Siku 2 hadi 7 | Miezi 3 hadi 12 | Kuanzia wiki moja kwa jibu la maana |
| Unyevu wa pwani | Huliharibia kazi. Mkaa hunywa mvuke na kuacha nafasi ndogo ya radoni | Hausumbui sana | Husumbua baadhi, hasa umande ukishika ndani |
| Safari ya maabara | Gesi inaisha njiani | Alama hazifutiki | Hakuna safari |
| Kazi inayokifaa | Mji wenye maabara ya karibu | Upimaji wa kaunti na wa nyumba | Kukagua kazi ya fundi, kuonyesha usiku na mchana |

Kopo la mkaa ndilo rahisi kulipata na ndilo tusilolipendekeza hapa. Likikaa siku 8 kwenye kifurushi kutoka Lamu hadi maabara, radoni iliyomo inabaki chini ya robo. Maabara hurekebisha hesabu kwa tarehe, ila kadiri kilichobaki kinavyopungua ndivyo jibu linavyoyumba, na unyevu unaongeza kuyumba huko. Isitoshe, siku tatu za kipimo huweza kuangukia upepo mkali au utulivu, zikakupa picha ya siku hizo tu.

Kipande cha plastiki, kinachoitwa CR-39, hukaa ndani ya kikopo kidogo. Kila chembe ya alfa inayokigonga huacha jeraha dogo. Maabara huki​chovya kwenye sodiamu haidroksaidi ya moto, majeraha yanapanuka, kisha yanahesabiwa kwa darubini. Hakitumii stima, hakina mlio, mtoto hana cha kubonyeza. Makosa yake ni ya binadamu: mfuko wa karatasi ya alumini unafunguliwa wiki mbili kabla ya kutundika, tarehe hazijaandikwa, au kikopo kinarudishwa bila kufungwa vizuri na kuendelea kuhesabu njiani.

Kwa nyumba za udongo na fito za vijiji vya Malindi, na kwa vyumba vilivyojazwa mchanga mweusi wa ufukweni wenye madini mazito, agiza kikopo chenye kizuizi cha toroni. Toroni ni ndugu wa radoni anayetokana na thoriamu. Nusu yake huisha kwa sekunde 56 hivi, kwa hiyo hujaa karibu kabisa na ukuta na kupotea katikati ya chumba. Kifaa kisicho na kizuizi kikitundikwa kwenye ukuta wa udongo kitatoa jibu kubwa la uongo.

Mahali pa kukiweka: chumba cha kulala au sebule ya ghorofa ya chini kabisa inayokaliwa. Kiinuke angalau nusu mita kutoka sakafuni, kiwe mbali na ukuta wa nje kwa sentimita 30 au zaidi, na mbali na dirisha au mlango kwa mita moja. Jikoni na bafuni hapana. Usikiweke mbele ya pumzi ya kiyoyozi, wala juu ya friji.

Maelekezo ya nchi za baridi husema nyumba ifungwe saa 12 kabla ya kipimo cha siku chache. Kwa kipimo cha miezi, puuza hilo na uishi kama kawaida, maana tunachotafuta ni hewa wanayoivuta watu kweli. Kikae mwaka mzima. Mwaka ukishindikana, kimoja kikae miezi mitatu ya kaskazi, joto linapofanya watu wajifungie na kiyoyozi, na kingine miezi mitatu ya kusi, mvua inapofunga madirisha. Jibu la msimu mmoja lisitumike kuamua matumizi ya pesa nyingi.

Nyumba nne, hali nne

Nyumba ya mawe ya mji wa kale wa Lamu ina kuta nene za matumbawe na chokaa, dari ya boriti, na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Watu wengi hulala ghorofani, na radoni hupungua kadiri unavyopanda. Ikiendelea kutumiwa ilivyokusudiwa, hii ni nyumba nzuri. Tatizo huingia pale kiwanda kinapoezekwa kwa kioo, chumba cha chini kilichokuwa ghala kinapogeuzwa chumba cha mgeni, na kiyoyozi kinapofungwa. Sakafu ya kifusi na chokaa haizuii gesi hata kidogo. Kilichokuwa kinaiokoa nyumba ni hewa.

Nyumba ya makuti na udongo imeguswa na ardhi moja kwa moja, lakini nafasi kati ya ukuta na paa haizibwi. Hapa moshi wa kuni ni adui mkubwa kuliko radoni, na pesa ya jiko bora itaokoa mapafu mengi zaidi.

Nyumba ya matofali yenye slebu na madirisha ya kuteleza ya alumini, kama zile za mitaa mipya ya Malindi, ndiyo ya kushughulikiwa. Pamoja nayo kuna ofisi, benki, maabara za zahanati na vyumba vya hoteli vya chini, ambako dirisha halifunguliwi mwaka mzima. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinazungusha na kupoza ile ile.

Hesabu ya mfano inaonyesha uzito wake. Tuseme ardhi inaongeza 30 Bq/m³ kila saa chumbani. Dirisha likiwa wazi na upepo ukibadilisha hewa mara 5 kwa saa, radoni itatulia kwenye kama 6 juu ya ile ya nje. Funga kila kitu, hewa ibadilike mara 0.2 kwa saa, itapanda hadi karibu 145. Ardhi haijabadilika. Na kupanda huko hakuchukui wiki. Saa 11 hivi hutosha kufikia asilimia 90 ya kiwango hicho. Usiku mmoja wa kiyoyozi.

Njia za kupunguza, zikiwekwa kando kwa kando

Kufungua madirisha hakugharimu kitu na kunafanya kazi mara moja, ila kazi hiyo hukoma dirisha likifungwa. Pwani, dirisha hufungwa kwa sababu za haki: mbu, wezi, mvua, joto. Mpango unaomwambia mama afungue dirisha bila kumpa wavu wa mbu na grili unamwomba abadilishe saratani ya baadaye kwa malaria ya wiki hii, na hatakubali, wala hapaswi kukubali. Weka wavu kwenye fremu inayotolewa ili uoshwe kila mwezi. Vumbi na chumvi zikiuziba, hewa haipiti. Fungua pande mbili zinazokabiliana, maana dirisha moja peke yake halisukumi hewa ya chumba.

Feni ya kutoa hewa bafuni au ukutani hununuliwa mara nyingi kwa nia njema na kuleta kinyume. Chumba kikiwa kimefungwa, feni inayovuta hewa nje inashusha shinikizo la ndani, na hewa ya kufidia inatafuta njia popote, pamoja na ufa wa sakafu. Kwa chumba cha kiyoyozi ni afadhali feni ndogo inayoingiza hewa kutoka nje kupitia kichujio. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kina mita za ujazo 48; feni ya kuingiza kiasi hicho kwa saa inatosha kuanzia. Gharama yake ni unyevu: kiyoyozi kitafanya kazi zaidi, na mfereji wake wa maji ukiziba ukungu utaota kwenye kuta. Kwa ofisi na zahanati tunaipendelea njia hii, kwa kuwa hupunguza pia maambukizi ya hewani.

Kuziba nyufa peke yake ndiyo njia inayopendwa na mafundi na inayokatisha tamaa zaidi. Gesi hupita kwenye tundu usiloliona, na slebu hupasuka upya. Ziba, kwa gundi ya poliyurethani inayonyumbuka na si kwa saruji, lakini uhesabu kama maandalizi ya njia inayofuata.

Kuvuta gesi chini ya slebu ndiyo dawa ya viwango vya juu. Hupunguza kwa asilimia 50 hadi 99. Fundi anatoboa slebu tundu la sentimita 12 hadi 15, anachimba shimo kwa mkono na kutoa lita 20 hadi 40 za udongo, yaani ndoo moja au mbili, anasimamisha paipu ya PVC ya inchi 4, anaziba kandokando, na kuipandisha hadi juu ya paa ambako feni inavuta mfululizo. Kabla ya kununua feni, jaribu hivi: vuta kwenye tundu kwa mashine ya kufyonza vumbi, toboa tundu la sentimita moja kwenye kona ya mbali, ushike udi unaofuka juu yake. Moshi ukivutwa chini, mvuto umefika. Ukipanda au kusimama, unahitaji shimo la pili.

Pwani kuna mitego yake. Mchanga unapitisha hewa nyingi, kwa hiyo chagua feni ya mtiririko mkubwa na shinikizo dogo; ile ya udongo wa mfinyanzi itakuwa inahangaika. Juu ya mwamba wa matumbawe wenye mapango, mvuto huweza kukatika kwa kufyonza hewa ya nje kupitia nyufa za mwamba. Paipu iinamie shimoni kila mahali, kwani gesi ya ardhini ina mvuke na maji yakituama kwenye kiwiko yanaziba njia. Ikipita chumba chenye kiyoyozi, ivishwe sponji la mabomba, la sivyo itatoka jasho. Mwili wa feni uwe wa plastiki na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Mdomo wa paipu uwe mbali na dirisha kwa mita 3, na Lamu uangalie paa la jirani: mapaa yako karibu na watu hukaa juu yake jioni. Feni isifungwe kamwe ndani ya chumba, kwa kuwa kiungo kikivuja kitakuwa kinamwaga gesi iliyokusanywa humo humo. Palipo na jiko la makaa ndani ya nyumba, hakikisha feni haivuti moshi wake kurudi chumbani.

Feni ya wati 60 hula uniti 526 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti yako kabla ya kukubali. Stima ikipotea, radoni hurudi ndani ya saa kadhaa. Funga kipimo cha maji chenye umbo la U kwenye paipu mahali kinapoonekana: pande mbili zikilingana, feni imekufa.

Kwenye nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, njia hii haifai. Hakuna slebu ya kushikilia mvuto, na hutakiwi kutoboa wala kupandisha paipu bila idhini ya Makumbusho ya Taifa. Rudisha hewa ya kiwanda, na uhamishie vitanda juu.

Maji ya kisima watu huyaogopa kuliko yanavyostahili. Kwa kawaida inahitajika karibu 10,000 Bq/m³ ndani ya maji ili hewa ya nyumba iongezeke kwa 1 tu. Tangi lenye tundu la hewa hutoa sehemu kubwa ya gesi kabla haijafika bombani.

Nyumba ambayo haijajengwa

Hapa ndipo kaunti inaweza kupata faida kwa gharama ndogo, kupitia idara inayopitisha ramani za mijengo. Baada ya kushindilia na kunyunyizia dawa ya mchwa, weka sentimita 10 za kokoto safi. Ndani yake laza paipu yenye matundu ya kama mita 3, iunganishwe na paipu nzima ya inchi 4 inayopanda hadi juu ya paa. Juu ya kokoto tandika polithini ya geji 1000, yaani milimita 0.25, vipande vikipandiana kwa sentimita 30 na kubandikwa, kingo zikipanda ukutani. Halafu waya wa BRC, kisha slebu.

Makosa yanayojirudia ni matatu. Mafundi hutandaza vumbi la kwari juu ya kokoto ili polithini isitoboke, na vumbi hilo huziba mianya yote ambayo gesi ingepitia. Litandazwe chini ya kokoto, na kokoto ziwe za mviringo au zifunikwe kitambaa cha ujenzi. Waya wa BRC hulazwa moja kwa moja juu ya polithini na kukanyagwa na mabero. Uinuliwe kwa vitofali. Tatu, fundi bomba huja baadaye na kukata polithini apitishe choo, na hakuna anayeibandika.

Paipu isiyo na feni hutegemea hewa ya joto kupanda. Pwani tofauti ya joto kati ya ndani na nje ni ndogo, kwa hiyo usitarajie mvuto unaopatikana nchi za baridi. Bado tunaipendekeza. Acha mita moja iliyonyooka chini ya paa pamoja na soketi, andika juu yake kwamba ni paipu ya radoni ili asije mtu akaunganisha maji taka, na ikionekana baada ya kupima kwamba inahitajika, feni itafungwa kwa nusu siku.

Kaunti ichague vipi

Kuna mikakati miwili. Wa kwanza ni kusaka nyumba zenye viwango vya juu na kuzitengeneza. Unamsaidia sana aliyemo humo. Wa pili ni kushusha wastani wa wote kupitia kanuni za ujenzi na hewa ya majengo ya umma. WHO inaeleza kwamba saratani nyingi za radoni hutokea kwa watu wanaoishi kwenye viwango vya chini na vya kati, kwa sababu hao ndio wengi. Kwa hiyo mkakati wa kwanza peke yake hautapunguza idadi ya wagonjwa kwa kiasi kinachoonekana. Tungeuweka wa pili kuwa msingi, na wa kwanza ufuate pale vipimo vitakapoelekeza.

Wala radoni isile bajeti ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kitaifa mwaka 2019, au ya uchunguzi wa saratani hiyo. Hizo zina faida kubwa zaidi kwa kila shilingi. Radoni ipewe fungu dogo lenye kazi maalumu: vikopo 100 vya CR-39 kwa Malindi na 60 kwa Lamu vingetosha kuanza. Zaidi ya nusu viende kwenye vyumba vya chini vyenye kiyoyozi, vilivyobaki vigawanywe kati ya shule, zahanati na nyumba za kawaida. Katika kila vikopo 10, kimoja kiwe na pacha wake kando. Katika kila 20, kimoja kisifunguliwe kabisa, ili kionyeshe kilichohesabiwa njiani. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ihusishwe tangu kuchagua maabara, si baada ya majibu kurudi.

Ripoti isitoe wastani tu, kwani wastani huficha vyumba vichache vyenye kiwango cha juu. Itaje vingapi vimepita 100 na vingapi 300. Vilivyo kati ya hapo vianze na hewa. Vilivyopita 300 vipimwe tena na, vikithibitika, vivutwe gesi. Chumba kilichotengenezwa kipimwe ndani ya siku 30 kwa kifaa cha umeme, si mapema kuliko saa 24 baada ya feni kuwashwa, kisha kila baada ya miaka miwili, na kila mara mwenye nyumba anapoongeza chumba au kiyoyozi.